Ndoana au Mtambo? Vyombo vya Kuondoa Mtoto wa Jicho Vikitazamwa kutoka Murara

Murara ni mtaa wa komini ya Karisimbi, mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na kutembea humo kunataka macho. Chini ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yenye kingo za kuchana kiatu. Volkano ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, ujiuji wa moto uliteremka hadi mjini, ukafunika sehemu ya njia ya ndege katika uwanja ulio jirani na mtaa huu, ukapita katikati ya maduka na nyumba mpaka ziwani. Watu walirudi, wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyopoa. Mwenye macho mazima hujikwaa humo. Mwenye mtoto wa jicho hushika ukuta, kisha hushika bega la mjukuu, na mwishowe huacha kutoka nyumbani.

Akifikishwa hospitalini, mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole sivioni, dokta. Naona mwanga tu ukipita."

Jibu hilo linamwambia daktari karibu kila kitu atakachohitaji mezani. Lenzi ya jicho hilo haikuanza kufifia jana. Imekaa miaka, imekomaa, imekuwa nyeupe kama maziwa au ya kahawia kama sukari guru, na kiini chake kimekuwa kigumu. Uchambuzi huu unaanzia kwenye jicho hilo. Kila mwaka viwanda vya dunia vinatoa chombo kipya cha kuondoa mtoto wa jicho. Ni vipi kati ya hivyo vilivyobuniwa kwa ajili ya jicho lililochelewa, katika mji ambao umeme, barabara na benki vinaweza kusimama vyote ndani ya wiki moja? Jawabu nililolifikia ni hili: chombo kipimwe kwanza kwa vitu kinavyodai baada ya kununuliwa, ndipo tuulize kinafanya kazi kwa ustadi gani.

Tuelewane kwanza juu ya kazi yenyewe. Mtoto wa jicho si kinyama kinachoota juu ya jicho, na hakuna dawa ya matone inayomwondoa. Ni lenzi ya jicho lenyewe iliyopoteza uangavu. Kwa mtu mzima lenzi hiyo ina upana wa takriban milimita 9 hadi 10, na unene wa milimita 4 au 5. Imewekwa ndani ya mfuko mwembamba ajabu: ukuta wa nyuma wa mfuko huo haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Mbele yake kuna konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ambacho kwa upande wa ndani kimetandazwa tabaka moja la seli zisizozaliwa tena zikifa. Kila chombo kilichowahi kubuniwa kinajaribu kufumbua fumbo hilo moja: kutoa kitu kipana kupitia tundu dogo bila kuupasua mfuko na bila kuziua seli zile.

Kwa karne nyingi, tangu India ya kale, tabibu hakuitoa lenzi kabisa. Aliingiza sindano pembeni mwa jicho, akaisukuma lenzi ianguke nyuma. Mwanga uliingia siku hiyohiyo na malipo yakatolewa, lakini macho mengi yaliharibika baadaye kwa uvimbe na presha ya jicho. Wako waganga wa Afrika Magharibi ambao wameendelea kufanya hivyo mpaka zama zetu. Mfaransa Jacques Daviel ndiye aliyeigeuza njia, mwaka 1747, alipofungua konea na kuitoa lenzi nje ya jicho. Karne moja baadaye Mjerumani Albrecht von Graefe alibuni kisu chembamba kilichofanya mkato uwe safi zaidi. Mwaka 1961 Tadeusz Krwawicz wa Poland alieleza namna ya kuigandisha lenzi kwa ncha yenye baridi kali ili ing'ang'anie chombo na kutoka nzima, pamoja na mfuko wake.

Mtu aliyetolewa lenzi na mfuko wake alibaki na jicho tupu. Alipewa miwani mizito, yenye vioo vinene kama kitako cha chupa, vilivyokuza kila kitu na kuupindisha mlango aliotaka kuupita. Miwani hiyo ikianguka juu ya mawe ya Goma, aliyekuwa ameponywa anarudi kuwa kipofu siku ileile. Huo ndio mfano wa kwanza wa jambo ninalotaka msomaji alishike: operesheni ilifaulu, lakini kuona kulitundikwa kwenye kitu kinachovunjika na kisichopatikana dukani.

Aliyekata kamba hiyo ni Mwingereza Harold Ridley. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatibu marubani waliojeruhiwa, na akaona kwamba vipande vya plastiki ngumu ya vioo vya ndege vilivyobaki ndani ya macho yao havikusababisha uvimbe aliouogopa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alipandikiza lenzi ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Leo lenzi ya kupandikiza ndiyo inayomwezesha mama mzee kuamka, kubanduliwa bandeji na kumwona aliye mbele yake bila kuvaa kitu chochote usoni. Kwa maoni yangu hakuna kisu wala mtambo uliowafaa maskini wa dunia kuliko kipande hicho cha plastiki, kwa sababu kikishaingia jichoni hakimdai mgonjwa chochote tena.

Mtambo ulikuja kutoka New York. Charles Kelman alikuwa akitafuta namna ya kuitoa lenzi kupitia tundu dogo. Alijaribu vinyundo vya kutekenya na vikeekee vidogo vya aina mbalimbali, navyo vyote viliharibu jicho. Siku moja, akiwa amekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, aliangalia kile kidude kinachosafisha meno kwa mtetemo wa kasi usiosikika kwa sikio, akapata wazo. Mwaka 1967 alifanya operesheni ya kwanza kwa binadamu, na ilichukua saa kadhaa. Njia hiyo huitwa fako kwa kifupi. Sindano yenye tundu katikati, nene kiasi cha milimita moja, hutetemeka mara makumi ya maelfu kwa sekunde, ikaivunjavunja lenzi na kuinyonya, huku maji maalumu yakiingia kulijaza jicho lisinyweke. Mkato sasa ni milimita 2 au 3 tu, na hauhitaji kushonwa.

Baada yake Patricia Bath, daktari Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, alibuni chombo cha kuivunja lenzi kwa leza, akapata hataza yake mwaka 1988. Miaka ishirini baadaye, huko Budapest, Zoltán Nagy alianza kutumia leza ya mapigo mafupi mno kufungua mfuko na kuikata lenzi kabla ya fako. Teknolojia hii ya leza ni ya kuvutia, lakini kwa Murara ninaipita haraka: ni mtambo mwingine wa bei kubwa juu ya mtambo wa bei kubwa, na haujaonyesha kumwezesha mgonjwa wa kawaida kuona vizuri zaidi kwa kiasi cha kustahili gharama hiyo.

Fako yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndiyo ndoto ya kila daktari kijana, na ndiyo zawadi wanayopenda kuitoa wafadhili. Inataka umeme usiotetereka. Inataka mirija na kaseti za kunyonyea ambazo kiwanda kinataka zitupwe baada ya mgonjwa mmoja, chupa za maji maalumu, ncha za sindano, na fundi anayeijua kompyuta ya ndani. Kubwa zaidi, inalipenda jicho lililokuja mapema. Lenzi laini huvunjika kwa mtetemo kidogo. Lenzi ya kahawia iliyokomaa inadai mtetemo mwingi, na mtetemo ni joto, nalo joto huchoma kingo za mkato na kuziua zile seli za konea zisizorudi. Mkononi mwa mtaalamu aliyebobea jicho gumu hutoka salama. Mkononi mwa anayejifunza, jicho gumu ndilo linalopasuka mfuko na kumwaga vipande vya lenzi nyuma, ambako bila vifaa vya kupasua retina hakuna wa kuvifuata.

Hapa ndipo ndoana inapoingia. Huko Lahan, kusini mwa Nepal, mwishoni mwa miaka ya 1990, daktari Mjerumani Albrecht Hennig aliikunja ncha ya sindano nyembamba ya kawaida, ya aina inayotumika kuchoma dawa, ikawa kama ndoana ya samaki. Akatengeneza njia ya kupita ndani ya ukuta mweupe wa jicho, nyembamba kwa nje na pana kwa ndani, inayojifunga yenyewe kwa shinikizo la jicho bila uzi. Akaipitisha ndoana chini ya kiini cha lenzi, akaigeuza, akakivuta kiini kizima nje. Matokeo ya macho 500 aliyoyafuatilia na wenzake yalichapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa waandishi alikuwemo David Yorston, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya macho ya Kikuyu, Kenya, ambako yeye na Allen Foster walikuwa wameonyesha mwaka 1999 kwamba kupandikiza lenzi kunaweza kuwa tiba ya kila siku Afrika Mashariki, kwa mgonjwa yeyote anayeingia mlangoni.

Njia hii ya mkato mdogo kwa mkono ina sura nyingi. Wengine hutumia kitanzi chenye maji, wengine hukisukuma kiini kwa shinikizo la maji tu, kama alivyofundisha Michael Blumenthal wa Israeli. Mabaki laini ya lenzi husafishwa kwa kanula ya Simcoe, kijibomba chenye njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kunyonya, kinachoendeshwa kwa bomba la sindano na kidole cha daktari. Hakina waya wala skrini. Kinachemshwa na kutumika tena mara nyingi. Ukiniuliza ni chombo gani cha chuma kilichostahili nishani katika vita hivi, nitaitaja kanula hiyo.

Je, haya ni matibabu duni waliyotengewa maskini? Swali hili ni zito na lazima lijibiwe kwa hesabu. Katika jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka 2007, Sanduk Ruit, Geoffrey Tabin, David Chang na wenzao waligawa wagonjwa 108 kwa bahati nasibu, nusu wakafanyiwa fako na nusu njia ya mkono. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi waliona vizuri walipopimwa kwa miwani inayowafaa. Fako ilichukua wastani wa dakika 15 na nusu, njia ya mkono dakika 9. Siku ya kwanza baada ya operesheni, konea za waliofanyiwa kwa mkono zilikuwa na uvimbe mdogo kuliko za wenzao wa fako. Mwaka huohuo, uchunguzi wa Pune, India, ulikadiria gharama ya fako kuwa dola 42.10 kwa jicho, na ya njia ya mkono dola 15.34. Ni kweli kwamba mkato mkubwa huipindisha konea kidogo zaidi, na kwa kijana mwenye lenzi laini fako inabaki bora. Hospitali kubwa ya mkoa inafaa iwe nayo na iwe na watu wanaoimudu. Lakini kwa mama aliyesema anaona mwanga tu, ndoana ndiyo tiba ya daraja la kwanza, na daktari anayemwambia asubiri mpaka mtambo ufike anamwonea.

Katika habari hizi kuna mtu mmoja ninayemrudia mara kwa mara. Govindappa Venkataswamy, daktari wa Madurai, India, alishikwa na baridi yabisi ujanani ikamkunja vidole mpaka kushika kalamu kukawa kazi. Alibuni vyombo vilivyoufuata mkono wake uliopinda, akajifunza upya kupasua macho, na kwa mkono huo alifanya operesheni zaidi ya 100,000. Alianzisha hospitali ya Aravind mwaka 1976 akiwa amekwisha kustaafu utumishi wa serikali, na mwaka 1992 kiwanda chake, Aurolab, kilianza kutengeneza lenzi za kupandikiza. Lenzi kutoka ng'ambo zilikuwa zikiuzwa kwa dola 100 na zaidi, zao zikashuka chini ya dola 10.

Na tusiseme hayo ni ya Asia tu. Mwaka 1987 daktari wa macho Fred Hollows wa Australia aliwatembelea wapigania uhuru wa Eritrea, akakuta madaktari wao wakipasua wagonjwa katika hospitali iliyofichwa mabondeni huko Orotta kwa kuogopa ndege za kivita. Aliahidi kuwasaidia watengeneze lenzi zao wenyewe. Alifariki Februari 1993, kabla ya kuiona ahadi ikitimia. Mwaka uliofuata kiwanda cha lenzi kilifunguliwa Asmara, na kingine Kathmandu. Nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya miaka 30 ilitengeneza kifaa kinachodai usafi na vipimo vya sehemu za milimita. Ninawaomba wale wanaosema "Kivu ikitulia kwanza" wausome mfano wa Asmara kwa makini.

Turudi kwenye vyombo vipya. Kimoja kinagusa moja kwa moja tatizo la jicho gumu. Kinaitwa miLOOP, kimetokana na kazi ya daktari Sean Ianchulev na kampuni yake ya Marekani, ambayo ilinunuliwa na Carl Zeiss Meditec mwaka 2018. Ni uzi mwembamba sana wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake. Uzi huingia jichoni ukiwa umenyooka, hufunguka kuwa kitanzi ndani ya mfuko, huizunguka lenzi, kisha hukazwa ukaikata lenzi vipande viwili, kama mama anavyokata ugali kwa uzi. Hautumii umeme wala mtetemo. Wazo la kukikata kiini kwa kitanzi cha waya lilikuwapo tangu miaka ya 1980. Nitinoli ndiyo iliyoliwezesha kufanyika ndani ya mfuko, kupitia mkato mdogo.

Nikisoma habari za chombo hiki moyo hupata tumaini, kisha hufika kwenye mstari mmoja: ni cha kutumika mara moja na kutupwa. Kwa hospitali ya Ulaya, hilo ni suala la usafi na la sheria. Kwa Goma ni kamba ileile ya miwani mizito, imebadilishwa jina. Waya ukiisha, daktari anarudi alikokuwa, na pengine mkono wake umeshasahau ndoana. Tunachohitaji ni kitanzi kinachostahimili kuchemshwa mara mia, kilichojaribiwa hivyo na mtengenezaji mwenyewe na kuandikwa hivyo kwenye karatasi yake. Ugumu wake ni wa kweli, kwa sababu uzi mwembamba huchoka, na uzi ukikatika ndani ya jicho ni balaa. Ndiyo maana kazi hiyo inawataka wahandisi wenye maabara, na inafaa ifanywe nao pamoja na madaktari wanaoyaona macho magumu kila siku.

Visu navyo vina kisa kama hicho. Kisu cha mviringo mfano wa mwezi mwandamo, kinachochonga ile njia ndani ya ukuta mweupe, kimeandikwa "tumia mara moja". Katika hospitali nyingi za Afrika hutumika kwa wagonjwa kadhaa, na kila jicho linalofuata linakutana na makali yaliyofifia. Kisu butu hakichongi, huchana, na njia iliyochanika haijifungi. Chuma kigumu zaidi kinachonolewa upya kingekuwa uvumbuzi mkubwa kwetu, ingawa hakuna gazeti litakaloutangaza.

Kipo chombo kingine kinachosahaulika kwa sababu hakiugusi mkato: kipimo. Kabla ya kupandikiza lenzi, daktari anatakiwa kupima mpindo wa konea na urefu wa jicho ili ajue nguvu ya lenzi itakayomfaa mgonjwa huyo. Pasipo vipimo hivyo, kila mtu huwekewa lenzi ya wastani, kama wanafunzi wote kununuliwa kiatu cha namba ileile. Operesheni inaweza kuwa safi kabisa na mtu bado asiione sura ya mwanawe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kilichotumika kwa miaka mingi kinataka angalau macho 80 kati ya 100 yaliyopasuliwa yafikie kiwango cha kuona cha 6/18 au bora zaidi, na kosa la nguvu ya lenzi ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wengi washindwe kukifikia. Kwa hiyo mtu akija na fedha za kununua kitu kimoja kwa ajili ya macho ya Goma, nitamshauri aanze na mashine ndogo ya kupimia urefu wa jicho, pamoja na akiba ya lenzi za nguvu zote, kabla ya kufikiria fako.

Halafu mkono. Chombo rahisi kinadai mkono uliofunzwa zaidi, na hilo watetezi wa njia ya mkono tunalisema kwa sauti ndogo mno. Zamani mwanafunzi alijifunza juu ya jicho la mgonjwa maskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha madaktari wanaosomea macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kwamba siku chache za mazoezi makali juu ya macho ya bandia huongeza sana ustadi wao katika njia ya mkato mdogo, ukilinganisha na wenzao waliofundishwa kwa kawaida tu. Jicho la bandia la plastiki, basi, nalihesabu miongoni mwa vyombo vya kuondoa mtoto wa jicho. Nchi nne hizo zinalijua. Kongo, iliyo kubwa kuliko kila moja ya hizo kwa eneo na kwa watu, inastahili kuwa na meza za mazoezi hayo Kinshasa, Bukavu na Goma.

Haya yote nimeyaandika nikiyapima kwa mji mmoja. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango. Sanduku la lenzi lililokuwa likishuka kwa ndege dakika chache kutoka Murara likawa linahitaji kuvuka mpaka wa Gisenyi, Rwanda, kwa gari, na malipo yake kutafutiwa njia nyingine. Umeme wa maji kutoka bwawa la Matebe, Rutshuru, uliipunguzia Goma giza kwa miaka kadhaa, lakini nyaya zake zinapita katika nchi inayopiganiwa. Hospitali yenye fako peke yake husimama siku nyaya zikikatika au kaseti ya mwisho ikiisha. Hospitali yenye darubini inayoweza kuwaka kwa betri, ndoana, kanula ya Simcoe, chungu cha mvuke cha kuchemshia vyombo juu ya moto wa gesi au makaa, na tone la iodini la kusafishia jicho kabla ya kisu, huendelea.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba vyombo vinatosha. Mama wa Murara anaweza kuishi umbali wa kutembea kutoka chumba cha upasuaji asikifikie, kwa sababu ya ada, kwa sababu hana wa kumsindikiza, au kwa sababu ameambiwa macho ya uzeeni ni kazi ya Mungu. Wengine hupitia kwanza kwa mtu wa majani, wakatiwa jichoni maji yanayoiunguza konea, na konea iliyopata kovu hakuna ndoana wala leza itakayoipa uangavu. Ripoti ya dunia kuhusu macho iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 65.2 wasioona vizuri au wasioona kabisa kwa mtoto wa jicho. Mwaka 2021 mataifa yalikubaliana kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wahitaji waliopasuliwa na kuona vizuri. Neno muhimu humo ni "kuona vizuri". Kumpasua mtu hakuhesabiwi peke yake.

Kwa wahandisi na viwanda, ombi langu ni kwamba wachukue jicho gumu la kahawia kuwa mtihani wa kwanza wa chombo chao, wala si wa mwisho, na waandike ni mara ngapi kinaweza kuchemshwa. Kwa wafadhili: msilete mtambo bila fundi wake na bila vifaa vya miaka mitano, na mkishindwa hayo, leteni visu, lenzi na vipimo. Na wewe unayesoma, ukiwa Murara, Ndosho, Majengo au popote pengine, mwite mama yako mzee mahali penye mwanga, umtazame ndani ya mboni. Ukiona weupe, au akikuambia taa ya usiku inamtawanyikia machoni, mpeleke akapimwe wiki hii, kabla lenzi yake haijazidi kuwa ngumu.